Kutoka ahadi ya mdomo hadi saini: mwongozo kwa mzazi wa binti anayecheza softiboli Marekani

Kabla ya mwaka 2018 halikuwa jambo la ajabu katika softiboli ya Marekani, mchezo wa kupiga mpira kwa gongo unaofanana na besiboli, kusikia kwamba msichana wa darasa la nane, ambaye hata sekondari hajaianza, ameshaahidi kuchezea chuo kikuu fulani kikubwa. Makocha wengi hawakuupenda utaratibu huo, lakini kila mmoja aliogopa kwamba akisubiri mwenzake atamwahi, hasa kwa upande wa warushaji, yaani wanaomrushia mpigaji mpira, kwa kuwa mrushaji mmoja hodari anaweza kuibeba timu msimu mzima na walio hodari kiasi hicho ni wachache. Mwezi Aprili 2018 NCAA, chama kikubwa zaidi kinachosimamia michezo ya vyuo nchini humo, kilipitisha kanuni kwa vyuo vya Daraja la Kwanza, ngazi yake ya juu kabisa: kocha wa softiboli haruhusiwi kufanya mazungumzo ya usajili na mchezaji wala na mzazi wake kabla ya Septemba 1 ya mwaka ambao mchezaji anaingia darasa la kumi na moja.

Kanuni hiyo iliisogeza mbele siku ya mazungumzo, lakini haikuondoa ile pupa ya kuahidi mapema. Usiku wa kuamkia Septemba 1 simu za wachezaji wanaotafutwa huanza kulia saa sita kamili, na katika siku chache zinazofuata wasichana wa miaka 15 na 16 hutangaza vyuo walivyovichagua. Familia iliyoanza kulifikiria jambo hili siku hiyo imechelewa, na familia iliyojenga matumaini yake yote juu ya dokezo alilolisikia binti akiwa na miaka 13 iko hatarini pia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wazazi wanaozungumza Kiswahili, waliotoka Kenya, Tanzania, Kongo, Burundi au kwingineko, ambao mabinti zao wameupenda mchezo huu katika shule za Marekani na ambao nyumbani kwao hakuna mtu mzima aliyekua akiucheza.

Hatua ya kwanza: ijue kalenda kabla hujaujua uwanja

Kila ngazi ya vyuo ina kalenda yake. Kwa Daraja la Kwanza, simu, ujumbe, barua pepe za usajili na ziara za chuoni zenye mazungumzo na kocha huanza Septemba 1 ya darasa la kumi na moja. Kwa Daraja la Pili mawasiliano hufunguliwa Juni 15, kabla binti hajaanza darasa hilo. Daraja la Tatu lina masharti mepesi zaidi kuhusu mawasiliano, na vyuo vidogo vilivyo chini ya NAIA, chama kingine cha michezo ya vyuo, pamoja na vyuo vya miaka miwili vina uhuru mkubwa zaidi.

Kabla ya tarehe hizo binti hakatazwi kumwandikia kocha. Kinachokatazwa ni kocha kumjibu kwa mazungumzo ya usajili. Anaweza kutumiwa fomu ya kujaza taarifa zake au tangazo la kambi ya mafunzo, na mzazi asiyejua hili huiona fomu hiyo na kudhani kwamba chuo kimemchagua mwanawe. Fomu hiyo hutumwa kwa mamia ya wachezaji. Ijazeni kwa uangalifu, kisha mwendelee na shughuli zenu. Vivyo hivyo, kocha akikutana nanyi uwanjani kabla ya tarehe na kuishia kwenye salamu, msidhani kwamba amewadharau: anafuata sheria, na kocha anayeifuata sheria mbele ya macho yenu ni dalili njema.

Hatua ya pili: anza na darasa, tena anza mapema

Hapa ndipo familia zetu hupoteza nafasi nyingi, na ndiyo maana nitakaa hapa kwa muda. Ili binti aruhusiwe kucheza Daraja la Kwanza katika mwaka wake wa kwanza wa chuo, NCAA hudai awe amemaliza masomo 16 ya msingi katika sekondari, yakiwemo ya Kiingereza, hisabati, sayansi na masomo ya jamii, kwa wastani usiopungua 2.3, katika kipimo cha hadi 4.0, katika masomo hayo. Masomo 10 kati ya hayo lazima yawe yamekamilika kabla ya muhula wa saba, yaani kabla ya kuanza darasa la kumi na mbili, na saba kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Daraja la Pili hudai masomo 16 pia, kwa wastani wa 2.2. Mitihani ya SAT na ACT, ile ya kuombea nafasi chuoni, haidaiwi tena na NCAA tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai.

Kila sekondari ina orodha yake ya masomo yaliyokubaliwa na NCAA, na orodha hiyo inaonekana bure katika tovuti ya Kituo cha Ustahiki cha NCAA, ofisi inayokagua kama mwanafunzi ametimiza masharti ya kucheza. Mzazi aifungue orodha hiyo pamoja na binti yake mwanzoni mwa darasa la tisa, aiweke kando ya ratiba ya masomo, na kupitia somo moja baada ya jingine. Mtoto aliyefika Marekani karibuni mara nyingi huwekwa katika madarasa ya Kiingereza kwa wageni, na si kila darasa la namna hiyo huhesabiwa kuwa somo la msingi. Mtoto anaweza kupata alama nzuri kwa miaka miwili, kisha ikagundulika katika darasa la kumi na moja kwamba masomo kadhaa hayamo kwenye hesabu. Mshauri wa wanafunzi shuleni aulizwe swali hili waziwazi: je, somo hili limo katika orodha ya NCAA, na kama halimo, binti yangu atahamishiwa lini kwenye lililomo?

Kuna jambo jingine linalowahusu waliosoma kwingine. Masomo ya Daraja la Kwanza yanatakiwa kukamilika katika mihula minane, na hesabu hiyo huanza siku mwanafunzi alipoingia darasa la tisa kwa mara ya kwanza, popote pale duniani. Binti aliyesoma kidato cha kwanza Nairobi au Goma, kisha akafika Ohio na kurudishwa darasa moja nyuma kwa sababu ya lugha, anaweza kuwa ameshatumia sehemu ya muda wake bila nyumbani kujua. Matokeo yake ya kule yatatakiwa kwa lugha yaliyoandikwa, yakiambatana na tafsiri iliyothibitishwa. Kuyafuatilia makaratasi hayo kutoka shule iliyo mbali, pengine iliyofungwa kwa vita, huchukua miezi. Kwa hiyo kazi hiyo ianze mara tu familia inapoona kwamba binti ana nia ya kweli ya kucheza chuoni.

Hatua ya tatu: chagua klabu kwa kuangalia atakachofundishwa

Makocha wa vyuo hutazama zaidi timu za klabu zinazosafiri majira ya kiangazi kuliko timu za shule, kwa kuwa katika uwanja mmoja wa mashindano wanaweza kuona timu nyingi kwa siku mbili au tatu. Makundi ya umri hupangwa kwa miaka miwili miwili: chini ya 10, 12, 14, 16 na 18. Umri wa chini ya 14 ndio unaoleta kishawishi kikubwa, kwa sababu binti ameanza kurusha kutoka futi 43, umbali uleule wa chuo, na watu huanza kusema kwamba fulani ameonwa.

Ada ya klabu, mafuta ya gari, hoteli na vifaa huweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Ninasema hili bila kuzunguka kwa sababu nimeona familia zikifanya zamu mbili kazini ili kulipia klabu yenye jina, na binti akakaa benchi kiangazi kizima. Binti wa miaka 12 au 13 anahitaji kucheza kila wikendi na kufundishwa vizuri. Jina la klabu kwenye fulana halimwongezei kasi ya mkono. Kabla ya kulipa, mzazi aulize wachezaji wangapi watakuwa katika nafasi ya binti yake, mrushaji atapumzishwa vipi asiumie bega, na kocha wa klabu amewasaidia wachezaji gani kufika chuo cha ngazi gani, pamoja na vile vidogo. Kampuni zinazodai fedha nyingi ili zimtangaze binti kwa makocha hazina siri yoyote ambayo familia yenye simu na barua pepe haiwezi kuifanya yenyewe.

Hatua ya nne: video na barua pepe

Kati ya darasa la tisa na la kumi, binti atengeneze video isiyozidi dakika tatu au nne. Isiwe na muziki wala maandishi yanayorukaruka. Kwa mrushaji, simu iwekwe nyuma ya wavu ulio mgongoni mwa mdakaji, ili mpira uonekane unavyopinda unapokaribia, kisha achukuliwe tena kutoka ubavuni, upande wa mkono anaorushia, ili kocha aone mguu unavyousukuma mwili mbele na mkono unavyopita karibu na nyonga. Kwa mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, kinachopimwa ni muda kati ya mpira kugonga glavu yake na kufika besi ya pili (besi ni vituo anavyopitia mkimbiaji). Mdakaji anayekaribia sekunde 1.8 atatazamwa mara mbili. Kwa mpigaji, waonyeshe mapigo kutoka mbele na kutoka nyuma, pamoja na mbio kamili kutoka kwenye sahani, mahali anaposimama mpigaji, hadi besi ya kwanza.

Barua pepe iandikwe na binti mwenyewe. Kichwa chake kitaje mwaka atakaomaliza sekondari, nafasi anayocheza na mji anakotoka. Ndani aseme kwa nini anamwandikia kocha huyu na si mwingine, ataje wastani wake wa masomo, aweke kiungo cha video, na mwishoni atoe ratiba ya mashindano yajayo: jina la timu, namba ya jezi, uwanja namba ngapi, saa ngapi. Kocha mwenye viwanja 12 mbele yake hawezi kumtafuta mtoto asiyejua yuko wapi. Barua ipelekwe kwa vyuo vya ngazi zote. Timu za Daraja la Kwanza ni takribani 300, wakati wasichana wanaocheza softiboli ya sekondari ni zaidi ya 300,000, na mzazi akiziweka namba hizo mbili pamoja ataelewa kwa nini orodha yenye vyuo vikubwa peke yake haimfai binti wa kawaida, hata awe mzuri kiasi gani.

Kocha atakapofika, atakaa kimya nyuma ya wavu na daftari lake, na hatautazama mpira peke yake. Binti akikosa mipigo mitatu na kutolewa, macho ya kocha yatamfuata anavyorudi benchi: je, anatupa kofia, au anaiweka mahali pake na kumweleza mpigaji anayefuata jinsi mrushaji anavyorusha? Atamtazama anavyomjibu mama yake anapompelekea maji. Atamtazama baba pia, hasa baba anayemfokea mwamuzi.

Hatua ya tano: Septemba 1 na maneno yanayofuata

Sisi tumelelewa kuamini kwamba ahadi ni deni. Mtu mzima akimwambia mtoto mbele ya baba yake kwamba nafasi yake ipo, baba hupeana naye mkono na kuliona jambo limekwisha. Katika usajili wa vyuo vya Marekani hakuna anayeweza kulidai deni hilo. Ahadi ya mdomo, hata itangazwe kwa picha na jezi, haimfungi chuo wala mchezaji. Kocha anaweza kuhama, anaweza kupata mrushaji mwingine, anaweza kubadili mawazo, na binti naye anaweza kubadili yake. Wengi huheshimu neno lao, na wanastahili kuheshimiwa kwa hilo, lakini familia isiache kujibu barua za vyuo vingine kabla haijayajua masharti ya ahadi iliyopewa.

Kwa hiyo simu itakapolia, binti awe na maswali yake kwenye karatasi. Kocha anaposema anampenda sana, au kwamba jina lake liko juu katika orodha, hilo si ofa. Binti aulize kwa heshima: je, hii ni ofa? Ni kiasi gani kwa mwaka, na kwa miaka mingapi? Kuna wachezaji wangapi katika nafasi yangu na wako mwaka gani? Ninatakiwa kujibu lini? Watoto wetu wengi wamefundishwa kutomhoji mtu mzima, na mbele ya kocha huishia kusema ndiyo kwa kila jambo. Fanyeni mazoezi nyumbani, mzazi akichukua nafasi ya kocha, hadi maswali hayo yamtoke kinywani bila woga. Mzazi akae karibu wakati wa simu, asikilize, lakini asimjibie.

Ofa nyingine huja na muda mfupi wa kujibu, siku chache tu. Msimamo wangu ni kwamba binti wa miaka 16 asikubali chuo ambacho hajakikanyaga. Tangu siku hiyohiyo ya Septemba 1 anaruhusiwa kufanya ziara, na ziara rasmi hulipiwa na chuo. Mzazi aulize mapema ni gharama zipi zake yeye zitakazolipwa. Akiwa huko, binti aone bweni, aketi darasani, azungumze na wachezaji wa mwaka wa pili na wa tatu bila kocha kuwepo, na aulize ni wangapi walioanza pamoja nao wameondoka. Kocha akikataa kuongeza siku chache ili binti akione chuo, familia imeshapata taarifa muhimu kuhusu miaka minne ijayo. Ikiwa binti ameahidi, kisha akaona kwamba hataweza kwenda, ampigie kocha mwenyewe mapema na kumshukuru, asiache habari imfikie kupitia watu wengine.

Hatua ya sita: hesabu ya fedha

Neno la kwamba binti fulani amepata chuo bure huenea haraka kanisani, msikitini na kwenye sherehe zetu, na mara nyingi si sahihi. Kwa miaka mingi timu ya Daraja la Kwanza ilikuwa na ufadhili unaolingana na gharama kamili za wachezaji 12 tu, uliogawanywa kwa kikosi kizima, hivyo wengi walipata sehemu. Tangu msimu wa 2025–26, kufuatia makubaliano ya kesi ya wanamichezo dhidi ya NCAA, iitwayo kesi ya House, yaliyoidhinishwa na mahakama mwezi Juni 2025, vyuo vilivyojiunga na makubaliano hayo vinaruhusiwa kumfadhili kila mchezaji, lakini kikosi hakiwezi kuzidi wachezaji 25. Kuruhusiwa si kulazimishwa, na vyuo vingi havina fedha za kutosha kufanya hivyo. Kikomo cha 25 kimezipunguza pia nafasi za wale waliokuwa wakiingia kikosini bila ufadhili ili wakue taratibu.

Wakati huohuo makocha wanaweza kuchukua wachezaji waliokwisha kukomaa kutoka vyuo vingine. NiJaree Canady, mrushaji aliyehama Stanford mwaka 2024 na kwenda Texas Tech kwa mkataba wa fedha za matangazo, yaani malipo ya kutumia jina na sura yake, ulioripotiwa kuzidi dola milioni moja, aliifikisha timu yake mpya kwenye fainali ya taifa Oklahoma City mwaka 2025, ambako Texas ilitwaa ubingwa. Kila kiti anachopewa mchezaji wa aina hiyo ni kiti ambacho hakitapewa msichana wa darasa la kumi na mbili, na hii ni sababu nyingine ya kutoishi kwa ahadi ya mdomo.

Daraja la Pili lina ufadhili unaolingana na gharama kamili za wachezaji 7.2 kwa timu, na NAIA 10. Daraja la Tatu na vyuo vya Ivy League, vile vinane vikongwe na mashuhuri, havitoi ufadhili wa michezo kabisa, lakini hutoa msaada kulingana na hali ya familia, na Daraja la Tatu hutoa wa masomo pia, msaada ambao kwa kaya yenye kipato cha chini unaweza kuwa mkubwa kuliko ofa ya michezo. Tuseme chuo kimoja kinagharimu dola 50,000 kwa mwaka na kinatoa ufadhili wa michezo wa asilimia 40: familia inabaki na dola 30,000. Kingine kinagharimu dola 60,000, hakitoi hata senti kwa softiboli, lakini kinatoa msaada wa dola 48,000 kwa alama na kipato: familia inabaki na 12,000. Mlinganisho ufanywe kwa kile kinachobaki kulipwa. Jazeni mapema FAFSA, fomu ya serikali ya kuomba msaada wa fedha za chuo, ikiwa hadhi ya uhamiaji ya binti inamruhusu, na binti mwenye viza ya mwanafunzi apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kupokea fedha zozote za matangazo, kwa kuwa viza hiyo ina masharti makali kuhusu kazi.

Hatua ya saba: saini, na yanayobaki baada yake

Karatasi huja mwezi Novemba wa darasa la kumi na mbili. Ile barua ya kitaifa ya nia, iliyomfunga mchezaji kwa chuo alichokichagua na ambayo wazazi wa zamani bado huitaja, ilifutwa Oktoba 2024, na kilichobaki ni mkataba wa msaada wa michezo kati ya mchezaji na chuo. Usomeni sentensi kwa sentensi, na kama Kiingereza cha kisheria kinawashinda, mtafuteni mtu anayekijua ambaye hana maslahi na klabu wala chuo. Angalieni kiasi kilichoandikwa, kinahusu mwaka mmoja au zaidi, kinalipia nini kati ya ada, chumba, chakula na vitabu, na nini kitatokea binti akiumia au kocha akiondoka. Jambo lolote mliloahidiwa kwenye simu ambalo halimo katika karatasi, mwombeni kocha aliandike. Asipokubali, hesabuni kana kwamba halipo.

Baada ya saini, alama za muhula wa mwisho bado zinahesabiwa, na chuo kinaweza kumkataa mwanafunzi aliyezembea. Kwa anayeanza chuo majira ya vuli, kuanzia Aprili 1 ya mwaka wa kumaliza sekondari binti aingie katika akaunti yake ya Kituo cha Ustahiki na kuomba uthibitisho wa mwisho wa hadhi yake ya uanamichezo wa ridhaa, yaani kwamba si mchezaji wa kulipwa, na mara tu anapohitimu shule itume huko matokeo ya mwisho yanayoonyesha tarehe ya kuhitimu. Mzazi apige simu ofisi ya shule kuhakikisha yametumwa kabla ofisi hiyo haijafungwa kwa likizo ya kiangazi.